Sahani inanuka sabuni: shida iko wapi?

Wamama wapenzi, tangu mvua zianze neno moja linarudi katika kila kikao chetu: sahani za umoja zinanuka sabuni. Na si za umoja peke yake. Mama mmoja anasema kikombe cha chai nyumbani kwake kinateleza mdomoni. Mwingine anasema watoto wake wanaacha lituma nusu kwa sababu "inaonja OMO". Sahani inaonekana safi, imekauka, imepangwa vizuri, lakini ukiipapasa kwa kidole kilicholowa, kidole kinateleza. Kwenye sahani za bluu unaona hata alama nyeupe, kama maji ya chokaa yaliyokauka.

Jambo kama hili ni dogo mpaka linapogusa mfuko. Sahani zetu zinakodiwa kwa matanga, kwa ndoa na kwa ubatizo. Faranga zinazoingia ndizo zinazoziba tundu la likelemba pale mwenzetu anaposhindwa kutoa sehemu yake, na ndizo zilizonunua madaftari ya watoto wa wajane mwezi wa tisa. Sasa familia moja iliyokodi kwa matanga imerudisha sahani siku ileile, bila kuzitumia, ikaenda kukodi kwingine. Walisema wageni wao wataharisha. Neno la namna hiyo likianza kutembea sokoni na kwenye bandari ya kivuko, hata tukinunua sahani mpya halitatuacha. Kwa hiyo kamati ilituomba, sisi tunaofundisha, tuchunguze na tuandike.

Sahani zikikodiwa, nyumba iliyokodi ndiyo inayoziosha kabla ya kuzirudisha. Tulikwenda kukaa katika nyua mbili, siku ya matanga na siku ya ndoa, tukatazama bila kusema neno. Mambo yalikuwa yaleyale pote pawili. Beseni moja ya povu, beseni moja ya kusuuza. Wasichana wanne au watano, wengi wao wanafunzi wetu, wanaosha kwa haraka. Sabuni ya unga inamwagwa kwa macho, sashe baada ya sashe, na povu likipungua wanaongeza. Mama mwenye nyumba anapita na kusema, "Ongezeni sabuni, wanangu, wageni ni wengi." Anasema hivyo kwa wema, maana kwetu povu ni heshima: beseni isiyo na povu inaonyesha nyumba yenye umaskini. Lakini tulihesabu, na kabla ya sahani ya thelathini beseni ya kusuuza nayo ilikuwa nyeupe kwa povu. Kuanzia hapo sahani zilikuwa zinatoka kwenye sabuni na kuingia kwenye sabuni. Kisha zilipangwa moja juu ya nyingine zikiwa mbichi, na maji yale yakakaukia ndani.

Tuanze na maji, kwa sababu wengi hawayafikirii. Maji ya mvua na maji ya Aruwimi ni yale yanayoitwa maji laini, maana yake yana madini machache sana ya chokaa. Mto wetu unapita msituni safari yote, tangu ukiitwa bado Ituri, na maji yake hayakusanyi chokaa nyingi njiani. Katika maji laini sabuni kidogo inatoa povu nyingi, na ni vigumu kuliondoa. Mnajua wenyewe: ukioga kwa maji ya mvua, ngozi inateleza hata baada ya kumwaga ndoo nzima. Maji ya visima vingine, yanayopita kwenye mawe yenye chokaa, ni magumu. Humo povu halipandi, na sabuni ya kipande inageuka kuwa uchafu mweupe unaoganda kama maziwa yaliyoharibika na kushika kwenye sahani. Kwa hiyo mama wa mtoni na mama wa kisimani wanaweza kuwa na sahani zinazofanana kwa macho huku magonjwa yao ni mawili tofauti. Wa mtoni anatumia sabuni kupita kiasi. Wa kisimani sabuni yake inaliwa na maji kabla ya kufika kwenye mafuta.

Kujua maji yako ni ya namna gani hakuhitaji maabara. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha, iliyosuuzwa vizuri, uijaze maji nusu. Kwangua sabuni ya kipande, kiasi cha ukucha mmoja, uitie humo, ufunge na kutikisa. Povu likipanda sana na maji ya chini yakabaki karibu kuwa safi, maji yako ni laini. Povu likiwa dogo na maji yakawa kama maziwa yenye vipande vinavyoelea, ni magumu. Ila msitumie sabuni ya unga kwa jaribio hili. Sabuni hizo zimetengenezwa zitoe povu hata katika maji magumu, na zitawadanganya.

Chupa hiyohiyo inapima sahani. Mimina kikombe cha maji safi kwenye sahani iliyokwisha kuoshwa na kukauka, yazungushe mpaka yaguse kila mahali, yarudishe kwenye chupa na utikise. Povu likikaa juu bila kufa, sahani bado ina sabuni. Tulifanya hivyo mbele ya kamati kwa sahani tatu za juu ya rundo, na hakuna aliyebisha tena.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo moyo wa jambo hili. Sahani moja ikitoka kwenye beseni ya sabuni inabeba maji ya sabuni kidogo, tuseme mililita 10, ambayo ni vijiko viwili vidogo vya chai. Sahani 50 zinabeba mililita 500, yaani nusu lita nzima ya sabuni inayohamia kwenye beseni ya kusuuza. Kama beseni hiyo ina lita 10, basi sahani ya mwisho inasuuzwa katika maji ambayo ukali wake wa sabuni ni karibu sehemu moja ya ishirini ya ule wa beseni ya kwanza. Ndiyo ladha ile mnayoisikia.

Lita zilezile 10 zigawe katika beseni mbili, lita 5 na lita 5. Sahani inapita ya kwanza, inatikiswa, inapita ya pili. Beseni ya kwanza itachafuka haraka zaidi, mpaka karibu sehemu moja ya kumi. Lakini sahani inayotoka humo haileti tena sabuni kali kwenye ya pili, inaleta sabuni iliyokwisha kupunguzwa. Mwishoni, beseni ya pili haitafika hata sehemu moja ya mia. Ukipiga hesabu vizuri utaona ni karibu moja ya mia mbili. Maji ni yaleyale, hakuna safari ya ziada ya mtoni, na sahani zimekuwa safi mara kumi zaidi. Wanafunzi wa darasa la sita walipopewa hesabu hii ubaoni walikataa kwanza, wakasema maji yakigawanywa yanapungua nguvu. Tukawapa beseni wajaribu.

Na sahani itikiswe. Kuitikisa mara mbili juu ya beseni inayotoka kunarudisha nusu ya yale maji mahali pake. Hakuna mtu anayefanya hivyo kwa sababu hakuna aliyeona faida yake.

Baada ya maji, sabuni yenyewe. Sabuni ya unga inayouzwa kwa sashe ni ya nguo. Ndani yake mna manukato, na katika nyingi mna dawa za kung'arisha zilizotengenezwa makusudi zishike kwenye kitambaa na zisitoke, ili shati jeupe lionekane jeupe zaidi. Kitu kilichotengenezwa kisitoke kina kazi gani kwenye sahani ya mtoto? Hatusemi ni sumu, maana kiasi kinachobaki ni kidogo. Lakini tumbo la mtoto mchanga ni jembamba, na chupa ya kunyonyeshea iliyooshwa kwa unga wa nguo hatungeipeleka mdomoni mwa mtoto yeyote. Kwa nyumba isiyo na kingine, unga huo uyeyushwe kwanza katika kikombe cha maji ya moto, ndipo umiminwe kwenye beseni. Ukimwagwa mkavu katika maji baridi unabaki chembechembe, na chembe hizo zinashika sahani. Tulipojaribu kwa maji ya mto, kijiko kimoja cha supu kilichosawazishwa kilitosha beseni ya lita 10. Katika nyua zile mbili walitumia mara sita au saba ya hapo.

Sabuni ya kipande ni bora kwa vyombo, na hapa lazima tuseme juu ya ile wanayoipika wenzetu kwa mawese. Watu wa mbali walijua thamani ya mawese yetu zamani: ni Lever, mfanyabiashara wa sabuni wa Uingereza, aliyepewa mashamba makubwa na Wabelgiji mwaka 1911, na moja ya vituo vyake ilikuwa Elisabetha, ambayo leo ni Lokutu, katika eneo la Basoko, huko Aruwimi yetu inakoingia mto Kongo. Mafuta yalikwenda Ulaya na sabuni ikarudi. Leo wamama wanaipika wenyewe nyuma ya nyumba, na tunawapongeza. Lakini kuna vipande vinavyokata mikono na kuacha uchungu kwenye sahani, na sababu yake ni soda kali iliyozidi.

Tulikaa na wapikaji wawili, tukapima. Kilo moja ya mawese inakula gramu karibu 140 za soda, si zaidi, na mpikaji mwenye akili anatia 130 ili mafuta kidogo yabaki bila kuguswa na soda isibaki peke yake. Shida ni kwamba mawese hayauzwi kwa kilo, yanauzwa kwa lita. Na lita moja ya mawese haifiki kilo, ni gramu karibu 900. Anayetia gramu 140 kwa kila lita akidhani ni kilo, anabakiza soda ya bure katika kila kipimo, na soda hiyo ndiyo mnayoionja. Kwa lita moja, gramu 115 hadi 120 zinatosha. Soda itiwe ndani ya maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya soda, kwa sababu yatachemka na kuruka usoni. Isipikwe katika sufuria ya aluminiyamu, kwa maana soda inaila sufuria. Na kipande kikaushwe wiki nne kivulini kabla ya kuuzwa. Tunajua wiki nne ni ndefu kwa mama anayengoja faranga za chakula. Basi auze kwanza kwa kufua, na za vyombo aziweke.

Koko mmoja katika kikao alisema zamani waliosha kwa majivu na mchanga, na hakuna sahani iliyonuka. Ana haki, na ametusaidia kukumbuka. Majivu yana chumvi inayokamata mafuta na kuyafanya yawe kama sabuni, na mchanga mwembamba unasugua. Lakini sahani za koko zilikuwa za udongo na za mbao. Majivu kwenye aluminiyamu yanaitia weusi na kuila polepole, na mchanga kwenye plastiki unaacha mikwaruzo. Mikwaruzo hiyo ndiyo nyumba ya mafuta na sabuni baadaye. Katika sahani zetu za kukodi kuna zilizokwaruzwa hivyo mpaka zimekuwa kama ngozi ya mamba, na hakuna kuosha kutakakozirudisha. Tumependekeza zitolewe kwenye rundo, zitumike kwa karanga na vitu vikavu.

Halafu mara nyingine mnachokiita sabuni si sabuni. Ni mawese. Mafuta haya yanaganda yakipoa, na pondu iliyobaki kwenye sahani usiku kucha inaacha ngozi ya mafuta ambayo maji baridi hayaiyeyushi hata kwa sabuni ya sokoni yote. Mwoshaji anaona sahani bado inanata, anaongeza sabuni, na sasa ana vitu viwili vilivyochanganyika. Dawa yake iko kabla ya sabuni. Chakula kifutwe kwa jani la ndizi au karatasi sahani ikiwa bado na joto, na beseni ya kwanza iwe na maji ya moto kiasi mkono unavyovumilia. Vikombe vioshwe kwanza, sahani baadaye, sufuria mwisho kabisa. Kila anayesoma anajua hili, na kila matanga tunaona sufuria ya pondu ndani ya beseni ya vikombe.

Kwa sahani zilizokwisha kuharibika, hii ndiyo njia iliyotufaa. Ziloweke robo saa katika maji ya moto yasiyo na sabuni yoyote, zisugue kwa kitambaa laini, zipitishe kwenye beseni mbili. Alama nyeupe ikibaki, isugue kwa ndimu iliyokatwa na kusuuza mara moja. Ikiondoka kwa ndimu, ilikuwa chokaa ya maji au chumvi za sabuni ya unga. Isipoondoka kabisa, ni mkwaruzo. Tafadhali, anayetumia javel kwa vyombo asiichanganye na ndimu wala siki katika beseni moja, kwa sababu hewa inayotoka humo inaziba kifua na inaweza kuua.

Ndugu zetu walio Bruxelles wana mashine zinazoosha sahani, na wengine hapa wanadhani huko shida hizi hazipo. Zipo. Mashine hiyo ilifanywa itumike kweli na mwanamke, Josephine Cochrane wa Illinois huko Marekani, mjane aliyeachiwa madeni na mumewe. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1886, na mwaka 1893 akaionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Lakini mpaka leo mashine hizo zinaacha unga mweupe kwenye sahani, na sababu zake mtazitambua: sabuni imezidi, maji si ya moto, sahani zimebanwa mno hata maji hayapiti katikati, matundu ya kurusha maji yamezibwa na chakula, au maji ni magumu. Mwenye mashine anafungua mlango na kulalamika kama sisi. Tofauti ni kwamba hakuna msichana aliyekwenda mtoni kwa ajili yake.

Na hapo ndipo sisi walimu tuna neno letu wenyewe. Baada ya matanga ya Jumapili, Jumatatu madawati ya wasichana yako wazi. Tunawauliza Jumanne, na jibu ni lilelile: "Tulikuwa tunachota maji ya kusuuza, mwalimu." Sabuni ikizidi, maji ya kuiondoa yanazidi, na maji yanakuja kichwani mwa mtoto, bido moja ya lita 20 kwa kila safari. Mkono ule unaoongeza sashe moja beseni ikiwa bado na povu unaongeza pia safari moja ya mtoni. Kwa sahani 200 za pondu, kwa namna ya zamani, tulihesabu bido kumi na mbili. Kwa maji ya moto kidogo, kijiko kimoja cha sabuni kwa beseni na beseni mbili za kusuuza zinazobadilishwa kila sahani 50, zilitosha tano.

Kuna wasiwasi mmoja uliotolewa na mama muuguzi katika kikao, nao ni wa haki: tukipunguza maji, tusipunguze usafi wa maji. Kipindupindu kilifika Tshopo mwaka 2025, na hatuna sababu ya kudhani hakijui njia ya kurudi. Maji ya beseni ya mwisho ndiyo yanayokaukia kwenye sahani, kwa hiyo yawe yale yaliyochemshwa au kutiwa dawa, hata kama ya kuoshea yametoka mtoni moja kwa moja. Na sahani zisipangwe mbichi wala zisifutwe kwa kitambaa kilichofuta meza. Ziegemezwe kwenye kichanja, juani, mpaka zikauke. Msimu huu jua ni la kubahatisha, kweli, lakini hata chini ya paa upepo unatosha kama hazikubanwa.

Kamati imekubali yafuatayo kuanzia Jumamosi ijayo. Anayekodi atapewa pamoja na sahani beseni tatu, moja imefungwa utepe mwekundu kwa ajili ya maji ya mwisho, na kipande kimoja cha sabuni ya mawese iliyokauka. Bei haiongezeki. Sahani zikirudi, mtunza vyombo atachukua tatu kutoka katikati ya rundo, si za juu, na kuzipima kwa chupa mbele ya aliyezileta. Povu likikaa, zinarudi kuoshwa, na watu wazima ndio watakaoziosha. Mama wa familia ile iliyorudisha sahani amealikwa kuja kutikisa chupa ya kwanza mwenyewe, naye amekubali, ila ametuambia atakuja na maji yake.

Wenye visima, leteni nusu chupa ya maji yenu siku hiyo, na mwandike jina la mtaa juu yake. Tunataka kujua ni wapi katika Banalia maji ni magumu, ili wa huko tuwapimie sabuni kwa kipimo kingine.